Alhamdulillah Niliyompa Mheshimiwa

Nimewasalimu pale mlangoni, mkanijibu nyote kwa pamoja: hatujambo, alhamdulillah. Na humu ndani hakuna asiye na kisukari. Mwenzetu mmoja ana kidonda ambacho harufu yake naisikia kutoka hapa nilipokaa, na yeye pia hajambo. Haya, kaeni. Nimeombwa niwatie moyo. Nitajaribu, ila moyo wenyewe si mwingi.

Naitwa Mwanaisha, mzaliwa wa mtaa wa Kuze. Kabla ya haya nilikuwa mwalimu wa madrasa, na mkali, sikatai. Mtoto akiingia nikamuuliza hujambo, akanijibu, "Tumbo laniuma, Bi Mwalimu," nilikuwa namrudisha mlangoni aingie upya. Nikimwambia, "Mwanzo ni alhamdulillah. Tumbo baadaye." Wengine niliwafinya masikio kwa hilo. Wako watu wazima leo mjini humu wenye masikio niliyoyafinya mimi.

Kisukari nilikuwa nacho, nikikifanyia maskhara. Chai yangu tamu, na kaimati zilizorowa shira kila jioni. Miguu ikaanza kufa ganzi, nikasema ni uzee. Ijumaa moja nilikuwa jikoni nakoroga mchuzi, nikasikia harufu ya nyama inaungua. Nikasema moyoni, jirani leo yuachoma mishikaki. Kumbe ni mimi! Kaa la moto liliruka kutoka kwenye seredani, nami nimelikanyaga kwa mguu wa kulia, nimesimama juu yake kama nimesimama juu ya mkeka. Binti yangu Swafiya ndiye aliyepiga ukelele.

Nikapaka asali, nikapaka manjano, nikafunga kitambaa nikaenda kusomesha. Baada ya wiki mbili unyayo ulikuwa na shimo la kuingia kidole gumba, usaha wa kijani watoka, na vidole viwili vimekuwa vyeusi. Watoto wa madrasa wakawa wanakaa mbali nami bila kusema kwa nini. Adabu hiyo niliwafundisha mwenyewe.

Mume wangu Athmani, karani wa ghala Shimanzi, akanipeleka hospitali ya serikali. Zamani ulikuwa unatibiwa bure. Sasa palikuwa na jambo jipya likiitwa kuchangia. Sisi mchango twaujua wa harusi na wa matanga: mtu hutoa alicho nacho, na asiye nacho huja kuosha masahani. Mchango huu ulikuwa na dirisha lake, na bila karatasi ya dirishani huguswi. Na ukishachangia waambiwa pamba hakuna, glavu hakuna, dawa kanunue nje.

Daktari alikuwa kijana mpole. Akautazama mguu, akanitazama mimi. "Mama," akasema, "kuna sindano. Ukiipata kila siku bila kukosa, mguu utabaki. Ukikosa, sitakudanganya."

Nikalazwa kitanda cha dirishani. Kitanda cha pili alikuwako Mama Kadzo, Mgiriama wa Kibarani, aliyekuwa akiokota chupa kule jaani. Figo zilikuwa zimemchoka, amevimba kuanzia miguu mpaka tumbo. Swafiya akileta chakula tulikula sahani moja. Mama Kadzo alinicheka nikimrekebisha namna ya kushika kijiko. "Bi Mwalimu," alikuwa akisema, "hata hapa wafundisha?"

Sasa mbunge wetu. Wakati wa kampeni aliapa mbele yetu uwanjani: "Mgonjwa wangu hatatozwa hata ndururu!" Tulimpigia vigelegele. Mimi nilipiga mpaka sauti ikanikauka. Kwa hiyo siku tulipoambiwa yuaja wodini, tulifurahi. Tulijua yuaja kuona kwa macho yake, akatutetee Bungeni.

Aliingia na kundi zima, matroni mbele, mpiga picha nyuma. Siku hiyo ilikuwa ya tatu sijapata sindano. Athmani alikuwa yuazunguka maduka ya dawa, na homa yanigonganisha meno. Mheshimiwa akasimama penye kitanda changu, kanzu nyeupe pepe, anukia udi.

"Mama, hujambo? Waendeleaje?"

"Sijambo, mheshimiwa," nikasema. "Alhamdulillah."

Lilitoka lenyewe. Nilikuwa navuta pumzi niseme la pili, la sindano, la mguu. Tumbo baadaye, si ndivyo? Lakini alikuwa keshageuka. "Umesikia, matroni?" akasema. "Alhamdulillah!"

Mama Kadzo akajiinua kwa kiwiko. Yeye sikumsomesha mimi. Akasema, "Mimi si mzima, bwana. Dawa hakuna. Hapa twafa." Matroni akamwambia, "Lala, mama, usijichoshe." Mpiga picha alikuwa keshafika mlangoni, na mheshimiwa alikuwa mbele yake.

Wiki iliyofuata hoja ya kuondoa malipo ya hospitali ikafika Bungeni. Sista mmoja alikuwa na redio, tukaisikiliza habari ya mchana. Mbunge wetu ameipinga hoja, redio ikasema. Ameliambia Bunge kwamba amezuru wodi yeye mwenyewe, na wagonjwa wamemjibu kwa vinywa vyao kuwa wanamshukuru Mungu. Kisha mama mmoja wa kule mwisho akasema, "Ala! Mgonjwa gani huyo aliyetuuza?" Nikajifunika shuka mpaka kichwani. Mama Kadzo alijua, na hakunitaja.

Mitaa ikachemka. Wazee wa Kuze, makuli wa Shimanzi, watu wa Kibarani, wote wakafuatana mpaka ofisini kwa mheshimiwa, na Athmani wangu ndani yao. Alirudi jioni, akakaa ukingoni mwa kitanda, hakunitazama.

"Tulimwambia watu wanakufa," akasema. "Akatujibu, kelele za nini? Nendeni mkamuulize yule mama wa dirishani, mwenye mguu uliofungwa." Kisha akaniuliza, "Mwanaisha, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimjibu salamu tu."

Nikamuuliza, "Nawe, ulimwambia kuwa ni mkeo?"

"Niliona haya," akasema.

Nilitaka anigombeze. Wallahi ningeona nafuu. Hakunigombeza, alinifunika miguu tu akaenda zake.

Asubuhi yake daktari akabonyeza muundi wangu, ngozi ikafanya sauti kama karatasi. Akasema, "Mama, sumu imepanda. Tukate leo, chini ya goti, au tutakukosa wewe mzima mzima." Athmani aliingia saa hiyo hiyo mbio, sindano amezishika mkononi. Hatimaye alizipata. Daktari akazipokea, akazitazama, akaziweka mezani pole pole.

Nilipozinduka vidole vilikuwa vyaniwasha, vidole ambavyo havipo tena. Nikageuza kichwa nimwambie Mama Kadzo. Godoro lake lilikuwa limekunjwa. Swafiya akaniambia alikufa nikiwa chumba cha upasuaji, na kwamba mara mbili alimuuliza, "Bi Mwalimu karudi?" Nililia siku hiyo kuliko nilivyoulilia mguu.

Basi nilipona. Kovu lilifunga, nikajifunza kutembea na magongo uani, nikaanguka, nikainuka. Kaimati nimeziacha. Nikarudi kusomesha. Hoja ilianguka, dirisha la kuchangia liko pale pale, nanyi mwalijua kuliko mimi. Lakini nilijiwekea jambo moja. Kila siku nikitawadha nilikuwa nalikariri: mheshimiwa, mimi sina mguu, na Mama Kadzo hana uhai, na wewe ulituuliza. Maneno hayo tu.

Uchaguzi ukakaribia, akaja Kuze kwa miguu, baraza kwa baraza. Nilikuwa nimekaa mlangoni, watoto wa madrasa wamenizunguka na misahafu yao. Watu wa mtaa wakanitazama, maana walijua ndimi yule mgonjwa wa wodini. Mheshimiwa akafika, kanzu ile ile, udi ule ule. Hakunitambua. Akainamisha kichwa kwa heshima.

"Mama, hujambo?"

Na watoto wananitazama mdomoni, wote, wale niliowarudisha mlangoni.

"Sijambo, mheshimiwa," nikasema. "Alhamdulillah."

Akapita. Alishinda tena.

Namshukuru Mungu kwa uhai huu, na shukrani hiyo ni yake Yeye, haikuwa ya kupelekewa Bungeni. Namshukuru daktari ambaye hakunidanganya. Namshukuru Mama Kadzo wa Kibarani. Nyinyi kagueni nyayo zenu kila siku, kwa kioo cha kuweka chini, hata kama hamna maumivu. Msitembee peku jikoni. Na mtu mwenye uwezo wa kuwasaidia akiwauliza hali, mwambieni lililopo kwanza, kabla hajageuka. Adabu itangoja.

Nitawajaribu sasa hivi, kabla hamjanyanyuka. Mimi ndiye mheshimiwa. Nimeingia, nimesimama mbele yenu.

Wenzangu, hamjambo?

Haya. Nimewasikia, kama pale mlangoni. Swafiya, nipe magongo yangu.