Visima Vilivyohamishiwa Somalia

Ile ramani ilipowekwa mezani kwangu nilicheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. Upande wote wa Salgaa ulikuwa kijani. Kwetu ofisini kijani maana yake ni maji salama: chimba kisima, watu wanywe. Sasa mimi nimekulia huko. Maji ya huko yana floraidi nyingi, mtoto akibadilisha meno yanatoka ya kahawia kama haya yangu, na kuna wazee ambao mgongo ulikataa kunyooka kabisa. Eti kijani! Nani huyo aliyeota?

"Kompyuta haina chuki na mtu," mkubwa wangu akaniambia. "Wewe panga tu rangi vizuri. Ijumaa tunaipeleka kijijini, na mashine ya kuchimba iko njiani."

Kazi yangu ilikuwa kupamba: kichwa cha ramani, mshale wa kaskazini, maelezo ya rangi. Hakuna aliyeniomba maoni. Lakini watakaokunywa ni shangazi zangu, na mimi si mtu wa kupewa uongo niupake poda. Nikafungua data yenyewe.

Ukitoka mjini, ukipita Ngata, hapakuwa na nukta hata moja ya kisima kilichopimwa kwenye ramani. Na nilijua wapimaji wetu wa maji walifika huko, maana shangazi mmoja aliwapikia chai na akanipigia simu kunisimulia. Nikamwendea mwenzangu aliyeichora. Si mtu mbaya, ana haraka tu.

"Zile nukta zilikuwa mbovu," akasema. "Zilikuwa zinaangukia Somalia. Sisi na visima vya Somalia wapi na wapi? Nikazifuta."

"Zote?"

"Zote."

Nikashika kichwa. Dunia ni mviringo na ramani ni bapa, kwa hivyo wapima ardhi waliikata dunia vipande, kila kipande na hesabu yake. Mpaka wa vipande viwili unapita hapa hapa kwetu, magharibi kidogo ya mji. Hauna kibao wala kizuizi cha polisi. Asubuhi unatoka mtaa wa Free Area, upande wa pili wa mji, ukiwa kipande cha thelathini na saba, ukifika Salgaa uko thelathini na sita, na kile kifaa cha GPS kinabadilisha hesabu chenyewe bila kukuambia. Wapimaji wakaandika namba kama walivyoziona, na huku ofisini zote zikasomwa kwa hesabu ya mjini. Kisima cha shangazi kikaruka nchi nzima kikatua ng'ambo ya mpaka. Hilo ni kosa letu sisi tunaoishi juu ya mstari.

Na njia tuliyotumia kupaka rangi, wenyewe huiita kriging, hujaza mahali pasipopimwa kwa kuuliza majirani. Jirani wa karibu ana sauti kubwa, wa mbali ana sauti ndogo. Visima vya Salgaa vimefutwa, sasa aseme nani? Vikasema vya Bahati, huko juu, ambako maji ni mazuri. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini hapa ndiyo iliyotumiwa.

Nikazirudisha nukta, nikaiambia kompyuta hizi ni za thelathini na sita, zihamishe. Zikarudi nyumbani, zikajipanga kandokando ya barabara kuu. Kisha hesabu ikagoma. Nikaitukana, haki. Kumbe kisima kimoja kimeingizwa mara mbili pale pale, na njia hii haiwezi kumsikiliza jirani aliyekaa juu ya jirani. Nikaondoa pacha, ikaenda. Salgaa ikawa nyekundu, na ile sehemu ya kijiji ndiyo nyekundu zaidi.

Mkubwa aliitazama. "Watu wamealikwa. Pasta ameshaombea kigingi cha mahali pa kuchimba. Tupeleke ile ya kwanza, hii tutaiangalia baadaye."

"Baadaye ya nani, boss? Mficha maradhi kifo humfichua. Mimi ile ya kijani siionyeshi. Ukiitaka, ionyeshe wewe, nami nitakaa mbele kabisa nicheke na meno haya yote."

Akanitazama mdomoni, kisha akatazama dirishani. Ijumaa, kwenye mkutano kanisani kijijini, alikaa kiti cha nyuma, akaniacha nisimame peke yangu na ramani yangu nyekundu.

Nikawaeleza wanakijiji yote, na Somalia yake. Hakuna aliyecheka. Akasimama mama mmoja, mtoto mgongoni.

"Madam, wewe umeyanywa hayo maji, ukasoma, ukapata kazi ya kompyuta. Mimi nachota mtoni pamoja na ng'ombe. Leo mashine imefika hapo barabarani, unairudisha. Kama kijani mlikuwa nayo, si mngetuachia?"

Wakampigia makofi. Iliniuma. Nilimkasirikia mkubwa wangu, nikayakasirikia mawe ya Bonde la Ufa, nikamkasirikia na yeye, kwa sababu alikuwa na haki. Lakini sikurudi nyuma.

"Siwezi kukuachia," nikamwambia. "Huyo mgongoni hajaota hata jino moja."

Akauliza, kwa sauti ya chini, "Sasa maji mazuri yako wapi?"

Nikabandika ramani nyingine. Njia hiyo hiyo huchora pia shaka yake yenyewe: inakuonyesha ni wapi imepima na ni wapi inakisia. Juu ya kijiji, kuelekea msituni, palikuwa na sehemu kubwa ya kijivu. "Hapa sijui," nikasema. "Hakuna aliyewahi kupima."

"Hujui."

"Sijui, dada."

"Basi twende ujue."

Mashine iligeuzwa siku hiyo. Wiki iliyofuata nikachukua likizo yangu, nikaazima kipimo, nikaenda. Yule mama alinisubiri kwenye kona ya barabara, mtoto amelala mgongoni. Alinipandisha mpaka chemchemi moja iliyofunikwa na vichaka, maji baridi, maangavu, nikaanza kufurahi mapema. Nikatumbukiza kipimo. Mabaya. Nikapima tena, yale yale. Ningeweza kumwambia ni afadhali kidogo, na kweli yalikuwa afadhali kidogo.

"Hayafai," nikamwambia.

Akaitukana ile chemchemi kwa lugha ya mama yake, tusi refu, akamaliza. Mimi nilikuwa nimeshakaa kwenye jiwe. Yeye akakaza leso, akanyakua mfuko wangu wa chupa, akautundika begani.

"Iko ingine juu," akasema. "Usikae. Panda."