Nano Hogan na Lango la Makaburini

Kwenye rafu yangu kuna vitabu vingi vya historia ya hii nchi yetu ya Ireland, na karibu vyote vina sura moja juu ya vita vya koo magulioni. Waandishi wanaeleza jinsi fimbo zilivyokaushwa ndani ya dohani, jinsi madini ya risasi yalivyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kirungu, na majina ya mashujaa wote. Wanawake wanapewa mstari mmoja tu: nao walitupa mawe. Nikifika hapo nakifunga kitabu kwa hasira. Nimezaliwa Knockbarra, na kwetu hakuna anayekumbuka fimbo ya nani ilikuwa nzito. Tunamkumbuka Nano Hogan.

Aliishi kabla ya ile njaa kuu ya viazi kuoza. Alikuwa mfupi, mwenye mikono imara ya kukamua ng'ombe na ulimi usiojua kupumzika. Baba yake, Murty Hogan, ndiye aliyewaongoza akina Hogan dhidi ya akina Quirke. Ugomvi ulianza kwa ndama, wengine wanasema kwa kiti cha kanisani. Ungewauliza wenyewe wangekupiga kwanza, kisha wakakujibu kwamba hawajui. Waswahili husema ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime. Huku kwetu hakuna aliyekwenda kulima. Kila mtu aliuliza kwanza wanagombania wapi, asije akapitwa.

Nano alianza kupigana akiwa msichana. Silaha ya mwanamke ilikuwa soksi ndefu ya sufu yenye jiwe ndani ya ncha yake. Uzuri wake ni kwamba mwanamume hakuruhusiwa kumrudishia. Mwanamume aliyeinua fimbo juu ya mwanamke alikuwa amekwisha. Hata ndugu zake wasingekaa naye meza moja. Kwa hiyo Nano alipita katikati ya akina Quirke akiwavunja meno, nao wakimkwepa na kumtukana tu.

Mmoja wao hakumtukana. Huyo ni Darby Quirke, kijana mrefu mwenye mabega ya kuinama. Nano alimpasua nyusi kwenye gulio la Mei, naye akasimama pale damu ikimtiririka, akamwambia, "Bibi wee, ungeniomba tu nikutazame, ningekutazama."

Wakaoana kabla ya majira ya baridi. Murty aliridhia kwa shingo upande, na akaweka sharti ambalo ndilo lililokuwa desturi: mke alale kwa mumewe mwaka mzima, lakini siku ya gulio arudi upande wa baba yake. Kwa hiyo kila gulio Nano na Darby walitoka nyumbani pamoja, wakala viazi pamoja njiani, kisha wakaachana kwenye daraja, yeye huku, mumewe kule. "Mwaka huu utanipiga?" Darby humuuliza. "Ukinisogelea," Nano humjibu. Hakumpiga tena hata mara moja, na Murty aliliona hilo akalinyamazia.

Gulio la mwisho ng'ombe walikuwa wamekwisha kuuzwa na gongo lilikuwa limekwisha kunywewa. Kaka yake Nano, Thady, akavua koti lake akaliburuta kwenye matope barabara nzima, akiimba kwamba hakuna Quirke mwenye mguu wa kulikanyaga. Darby akalikanyaga. Nadhani alifanya hivyo kwa mzaha, maana mashemeji hawa walikuwa wakivua samaki pamoja. Lakini watu walikuwa wakitazama, na mzaha mbele ya watu si mzaha tena.

Thady ndiye aliyetangulia kupiga fimbo. Darby akaikinga, akamvunja mkono wa kulia juu ya kiwiko. Wanasema mlio wake ulisikika mpaka kwa mhunzi. Thady akahamishia fimbo mkono wa kushoto na kumpiga shemeji yake kwenye panja. Darby akapiga magoti kama mtu anayetafuta kitu chini, damu ikamtoka sikioni. Hapo akina Quirke wakamshukia Thady wote kwa pamoja. Padri Meagher alifika na farasi wake akiwachapa kwa mjeledi bila kuchagua ukoo, lakini alipowatawanya Thady hakuwa na uso. Nano alikuwa ameketi kwenye matope, kichwa cha Darby mapajani. Mume akafa jua halijazama. Kaka alikuwa amemtangulia.

Hapo ndipo balaa lilipoanza hasa. Watu wetu waliamini kwamba maiti aliyezikwa wa mwisho hubeba maji kuwapelekea roho zilizo Toharani, ndoo baada ya ndoo, bila kupumzika, mpaka azikwe mwingine ampokee. Kwa hiyo mazishi mawili yakiangukia siku moja, kila upande hukimbilia lango, maana wa pili ndiye atakayebeba. Darby na Thady walikuwa wazikwe siku moja, kwenye makaburi yaleyale, kwa lango moja.

Nano alitembea nyuma ya jeneza la mumewe. Walipofika kwenye kona ya kanisa wakawaona akina Hogan wakishuka mlima mbio, jeneza la Thady likirukaruka mabegani. Akina Quirke nao wakaanza kukimbia. Padri alipaza sauti, ikamezwa. Fimbo zilitoka chini ya makoti ya msiba, na pale mbele ya ukuta watu wakaanza kuvunjana mafuvu huku majeneza yakipitishwa juu ya vichwa. Jeneza la Darby lilianguka, likapasuka ubavuni. Mkono wake ukaonekana. Mtu mmoja aliukanyaga, na hakujua.

Nano alijua. Akavua soksi yake akatia jiwe.

Murty alikuwa amewahi lango. Alisimama katikati yake peke yake, mtu mzima mwenye nywele nyeupe, fimbo mkononi, akiwazuia akina Quirke wote ili watu wake wafike. Alipomwona bintiye anakuja alishusha fimbo.

"Njoo huku, mwanangu," akamwambia. "Shika upande huu wa lango."

"Nipishe, baba. Nampitisha mume wangu."

"Na kaka yako? Mmenyonya titi moja, Nano."

"Kaka yangu ndiye aliyeniua mume."

"Na wao wamemuua yeye. Sasa unataka na maji abebe? Leo si siku ya kunitania."

"Tangu nikiwa msichana nimewapigania nyinyi," Nano akasema. "Kila gulio. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza moyo wangu uko wapi. Nipishe."

Murty aliitupa fimbo chini, akaushika mwimo wa lango kwa mikono miwili, akamtazama. Asingempiga mwanamke, na asingempiga huyu. Nano aliizungusha soksi mara moja akampiga juu ya sikio.

Akina Quirke wakapita juu yake. Darby alizikwa wa kwanza. Thady akazikwa wa mwisho.

Tangu siku hiyo akina Quirke walimfanya Nano shujaa wao. Walimwimbia nyimbo. Mmoja alimletea bilauri ya gongo ya kumpongeza, naye akammwagia machoni. Akina Hogan walitema mate alipopita. Hata hivyo aliingia nyumbani kwa baba yake bila kubisha hodi, akawasukuma wake za binamu zake, akaketi kando ya kitanda. Mfupa wa kichwa cha Murty ulikuwa umeingia ndani. Nano alimfunga dawa ya majani, na kila alipogeuka mzee aliifungua akaitupa kwenye moto.

"Baba, ukiacha dawa ikae utapona."

"Ndicho ninachoogopa."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Umepiga vizuri, mimi ndiye niliyekufundisha." Akavuta pumzi. "Mtoto anabeba maji kwa mkono uliovunjika, Nano. Naona anavyoinamia upande mmoja. Niache niende nikampokee."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nano alilia, akaomba, akamlazimisha supu, akaitema. Mwishoni aliacha kumfunga dawa. Alimshika tu mkono, na Murty Hogan akafa akiwa na haraka, kama mtu aliyechelewa kazini.

Baada ya hapo Knockbarra wakakataa kufa. Viazi vilizaa sana mwaka ule, watu walishiba, hata wazee waliokuwa wakikohoa wakaacha. Nano akaanza kuzungukia nyumba za wagonjwa na maziwa ya mgando. Mwanzoni walimshukuru. Baadaye walielewa kilichomleta, wakawa wanafunga milango wakimwona kwa mbali. Padri Meagher alimwita akamwambia huo ni ushirikina mtupu, Mungu hawatumii marehemu kuchota maji.

"Najua, Padri," akasema. "Lakini ndoo ni nzito."

Vuli ilipoingia aliugua mkwewe, mama yake Darby, mwanamke mkali aliyekuwa hajamsemesha Nano tangu mazishi ingawa walilala chini ya paa moja. Kifua kilimbana, akawa hawezi kuinuka. Nano alimgeuza, alimwosha, alimpashia mawe ya moto ya miguuni. Majirani walipita kuchungulia, wakaondoka wakinong'ona. Jioni moja bibi yule alifungua macho akamkuta Nano anamtazama.

"Wewe," akasema. "Unanitunza nipone, au unangoja nife nikampokee baba yako?"

Nano alikuwa amechoka mno hata kudanganya. "Yote mawili, mama."

Bibi akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi.

"Mtoto wangu amekufa kwa fimbo ya ndugu yako," akasema. "Baba yako amekufa kwa jiwe lako. Umebakiwa na nani?"

"Na wewe."

"Basi lete uji. Mzee acha abebe."

Nano alitazama mlango, ule unaoelekea makaburini. Kisha akainuka, akakoroga uji wa shayiri, akautia maziwa, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamlisha kijiko kwa kijiko huku machozi yakimdondokea kwenye bakuli. Bibi alikula wote, na asubuhi akaomba mwingine.