Shangazi Hakukimbia

Nilipomaliza mtihani wa kidato cha nne, baba aliniambia niende Nyabusozi, upande wa Biharamulo, kwa dada yake, nikamsaidie kuvuna maharage. Hakutaja sababu nyingine, lakini niliijua. Nyumbani Mabawe nilikuwa nimeshawachosha. Nilikuwa situlii. Nikishika jembe, nawaza ukurasa niliouacha. Nikishika kitabu, nainuka kila baada ya mistari michache, nazunguka migombani, narudi, nasoma mstari ule ule. Mwezi huo maharage yaliungua jikoni mara mbili, mimi nimesimama mlangoni nasoma. Mama alisema kwa upole kwamba angekuwa na mtoto anayesoma akiwa amekaa, angalau angejua yuko wapi.

Vitabu vyenyewe vilikuwa haba. Maktaba ya shule ilikuwa kabati moja, nami nilikuwa nimelimaliza lote, hata kijitabu cha ufugaji wa nyuki. Vingine nilivipata Ngara mjini kwa mama mmoja muuza vitambaa, ambaye wazee wake walitoka pwani. Dukani kwake aliweka boksi la vitabu vya wanawe waliokwisha kuhama. Nikimwamkia shikamoo, kabla hajamaliza kuitikia marahaba alikuwa ameshanionyesha boksi kwa kidole. Kiswahili changu pia alikirekebisha. Kwetu tunaongea Kihangaza, na l na r hutuponyoka. Siku moja nilimwambia nimenunua karamu mpya, akaniuliza nimealika wageni wangapi. Niliona aibu njia nzima ya kurudi nyumbani. Siku ya safari alinipa vitabu vitatu na kaunta buku lenye jalada gumu, akasema vitabu vikiisha niandike, maana huko niendako hakuna boksi.

Viliisha baada ya siku tano.

Shangazi aliishi na binti yake, tuliyelingana umri, aliyeishia darasa la saba. Majirani zao walikuwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, kwa hiyo asubuhi niliamka nikisikia Kisukuma ng'ambo ya ua na Kihangaza ndani. Shangazi mwenyewe alijua kuandika jina lake tu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mikono yake haikukaa bure. Jioni mimi na binamu tulipanda kwenye kichuguu nyuma ya shamba la mihogo kutafuta mtandao, tuone kama matokeo yametoka. Hayakuwa yametoka. Nilishuka, nikapanda tena, mpaka binamu akaniambia simu haiogopi kutazamwa.

Ndipo nikaanza kuandika, na nilimwandika shangazi. Habari zake nilizijua kwa kusikia: kwamba mumewe alioa mke wa pili, naye akaikimbia Ngara huku analia, mtoto mgongoni. Nikaongeza na mvua, kwa kuwa katika vitabu nilivyosoma watu wanaoondoka hunyeshewa. Zikafika kurasa tisa. Nilikuwa nikiandika nimesimama, daftari juu ya pipa la maji, na nilihisi kwa mara ya kwanza kwamba nina kitu changu.

Mchana mmoja tulikuwa uani tunapura maharage. Niliingia ndani kuchukua ungo, na niliporudi binamu alikuwa amekaa kwenye gogo na daftari langu, anamsomea mama yake. Alidhani nimenakili hadithi kutoka kitabuni. Alisoma vizuri, akitua panapostahili. Alipofika kwenye mtoto mgongoni sauti ilipungua, kisha ikanyamaza. Yule mtoto alikuwa yeye.

Shangazi alikuwa ameweka fimbo chini. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

"Endelea kusoma," alimwambia binti yake. "Fika mwisho."

Akasoma hadi mwisho. Mimi nilibaki nimesimama na ungo.

"Nani alikwambia nililia?" shangazi akaniuliza.

Nikamjibu kwamba ni baba.

"Baba yako hakuwepo."

Akatueleza, taratibu, kwa Kihangaza. Alikaa nyumbani kwa mumewe wiki mbili zaidi baada ya yule mke kuingia, akingoja maharage yake yakauke. Akayavuna. Akafagia nyumba, akaosha vyungu, akampelekea mama mkwe ufunguo mkononi. Mvua haikuwepo, jua lilikuwa kali mpaka alimfunika mtoto kwa kanga. Kichwani alibeba nusu debe la mbegu.

"Sikukimbia, mwanangu. Niliaga. Ningekuwa nakimbia, ningebeba mbegu?"

Nilimwomba radhi, nikasema nitazichana kurasa zile. Alikataa. Alitaka ziandikwe upya, na ziandikwe kweli.

Kwa siku kadhaa ikawa hivyo. Yeye alisema, mimi nikageuza kwa Kiswahili, binamu akasoma tuliyoandika, na shangazi akasikiliza kama mtu anayechagua mchele. Niliandika kwamba alikuwa mnyonge. Akauliza maana yake, nikamweleza, akaniamuru nilifute. Kuna neno alilitumia kwa hali yake siku ile, si hasira na si huzuni. Nilijaribu maneno sita ya Kiswahili. Yote aliyakataa, nikaacha nafasi tupu kwenye mstari. Nilikuwa nimezoea kuandika mbio. Sasa sentensi moja ilichukua asubuhi nzima, na miguu iliniwasha kwa hamu ya kusimama.

Siku ya mwisho, akiendelea tu na maelezo, alisema kwamba baada ya mwaka mmoja yule mume aliwafuata mpaka Nyabusozi, akitaka kumwona mtoto, naye shangazi akamrudisha akiwa njiani, hakumruhusu hata kufika uani. Kalamu yangu ilisimama. Binamu alikuwa ameambiwa siku zote kwamba baba yake hakuwahi kumuulizia. Alimtazama mama yake, akachukua ndoo, akaenda kisimani. Hakurudi upesi.

"Hilo usiliandike," shangazi aliniambia.

Sikuliandika. Kwa siku mbili sikupata pa kujiweka katika nyumba ile. Nilijilaumu. Kama nisingeandika uongo wangu wa mvua, ukweli ule usingetoka.

Matokeo yalitoka wiki hiyo. Binamu ndiye aliyeyaona, juu ya kichuguu, akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa: nimefaulu. Tulishuka bila kukimbia. Njiani aliniomba niandike ile sehemu iliyokatazwa, kwenye karatasi ya peke yake.

"Mama yako amenikataza," nikamwambia.

"Amekukataza kuiweka kwenye daftari lake. Mimi nataka niwe nayo."

Niliiandika asubuhi ya kuondoka, ukurasa mmoja, bila kupamba. Aliikunja mara nne, akaitia ndani ya nguo, akanisindikiza hadi barabarani.

Daftari lilibaki kwa shangazi. Alilitaka, nami nikampa. Binamu sasa ameolewa Biharamulo mjini, ana watoto, na tunapigiana simu. Tunaongea mambo mengi. Juu ya ukurasa ule hajawahi kusema lolote, wala kama alimtafuta baba yake. Kila nikikata simu nazunguka chumbani, nashika kalamu, naiweka. Sijamuuliza.