Chiriku Aingia Hadithini

Mpanga kurasa mmoja wa kiwanda cha uchapaji alikuwa na binti aliyeitwa kwa utani Kibibi, maana tangu alipojua kutembea alitembea amefunga mikono nyuma kama bibi aliyeshiba. Kwa ajili yake baba aliandika hadithi kwenye kompyuta kuukuu ya nyumbani, kila hadithi na faili lake, na kila moja shujaa ni Kibibi: mara kamkimbiza fisi, mara kamfichia mwalimu chaki.

Dada wa baba huyo alipofariki, aliacha binti wa rika la Kibibi. Kwao walimwita Chiriku kwa kusema bila kituo. Lakini aliyefika kwa mjomba na kifurushi cha nguo hakuwa chiriku tena. Ukimuuliza kama ameshiba, anaitikia kwa kichwa. Wakati wa hadithi Kibibi alicheka, mwenzake akautazama ukuta.

Jioni moja akamvuta mjomba wake shati. "Mjomba, mimi nitafika lini huko kwenye hadithi?"

Jumamosi mjomba alipotoka kazini, alifungua programu yake ya kuandikia, ile inayobadilisha neno katika mafaili yote kwa mpigo mmoja. Akaiagiza: kila penye "Kibibi" paandikwe "Kibibi na Chiriku." Kufumba na kufumbua, tayari. Kuja kusoma: "Kibibi na Chiriku alipanda mti." Watoto wawili, kitendo cha mmoja! Mzee wa watu, furaha imemzidi, hakufikiri mara mbili. Akaagiza kila "ali" iwe "wali," kisha akawaita wasichana na kumpa Chiriku asome.

"Kibibi na Chiriku walipanda mti," Chiriku akasoma kwa sauti ndogo. "Waliwaomba nyuki aswali." Akageuka. "Mjomba, kumbe nyuki nao wanaswali?"

Mbele kidogo simba "walikuwa mkwali," na mtu wa chaki amekuwa "mwwalimu." Chiriku alijaribu kulitamka hilo, mashavu yakamjaa upepo, akaangua kicheko. Nyumba ile haikuwa imewahi kukisikia. Mjomba, aliyekuwa akiona haya, akacheka mpaka akavua miwani.

Bahati nzuri alikuwa ameweka nakala. Akairudia ile yenye majina mawili, kabla ya kuagiza "wali," akaanza kusahihisha kwa mkono, Chiriku akiwa kwenye kigoda pembeni yake. Ndipo kidole cha mtoto kikagota kwenye kioo.

"Hapa pameandikwa 'mama yake Kibibi na Chiriku.'"

Programu haikujua msiba wa mtu. Mjomba alitaka kufuta upesi. Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo, akaja akachuchumaa karibu na kigoda.

"Mama yako ni yuleyule, hakuna wa kumfuta," akamwambia. "Hapo paandikwe utakavyo wewe."



"Andika 'mama zao,'" Chiriku akasema. "Wawe wawili."

Mjomba akaandika: mama zao waliwasubiri mlangoni. Chiriku akaisoma, akairudia kimoyomoyo, midomo ikicheza. Halafu akataka kujua kwa nini kila mti lazima Kibibi atangulie kupanda. Kazi iliyokusudiwa kumalizwa kwa mpigo mmoja ikachukua majuma, maana hakuna ukurasa uliopita bila ubishi.