Chungu cha Insulini

Enzi mamluki wa Kizungu walipotawala visiwa vyetu, kupanda ndege ndogo ya kutoka kwetu Mutsamudu kwenda Moroni kulikuwa kazi ngumu kuliko kwenda mbinguni. Nilikuwa nimemaliza miaka miwili ya masomo ya jioni, Kifaransa kimenijaa mpaka kinanitokea puani, kwa hiyo nikajiteua kumsindikiza mama kwenye harusi ya mpwa wake huko Moroni, mtaa wa Magoudjou.

Mama alikuwa mgonjwa wa sukari. Insulini yake aliihifadhi katika chungu kidogo chenye mchanga mbichi, isiharibiwe na joto. Moroni dawa hiyo haikupatikana. Bila chungu kile asingemaliza juma.

Mamluki wa Kizungu aliyetupekua, mrefu kama mnazi, alizitazama sindano kama anatazama mizinga. Akasema amri ni amri: sindano na chupa haziingii ndani ya ndege. Nikamwaga Kifaransa changu chote, hata mashairi nadhani niliyatia humo. Hakutikisika. Akasema ikiwa kweli ni dawa, mwanamke huyu ajichome hapo hapo mbele yake, aone kwa macho yake.

Nikamfasiria mama, ambaye hujichoma tumboni. Akakaa chini sakafuni, chungu mapajani.

"Mwambie nitajichoma," akasema. "Lakini kuona, hataona."

Sikujua kwamba wanawake wa Mutsamudu hawahitaji kuitwa. Abiria wote wa kike, na wasindikizaji wao, walimzunguka na kutandaza shiromani zao, zile nguo pana za kujifunika, ukasimama ukuta mwekundu na mweupe ambao jeshi zima lisingeupenya. Mamluki akasogea hatua moja. Bibi mmoja akamuuliza kwa Kingazija, Kindzuani na Kiswahili, lugha tatu kwa pumzi moja, kama kwao mama yake huvuliwa hadharani. Sikufasiri. Alielewa, maana alirudi nyuma.

Ukuta ulipofunguka, bomba la sindano lilikuwa tupu. Rubani akatuhimiza tupande.

"Bado," mama akasema. "Dawa ikishaingia, lazima nile. La sivyo nitaanguka humo ndani, wateremke wote."

Nikafasiri, kwa raha. Vikapu vikafunguliwa: ndizi za kuchemsha, samaki, mkate. Mama akala polepole, akichambua miba, injini ikinguruma, mamluki akitazama saa yake. Alipotosheka akanawa mikono, akachukua chungu chake na sindano zake, akapita mbele ya mamluki bila kumwangalia, akapanda ngazi.

Hakuna aliyemzuia.