Bastola Niliyoisingizia

Wacha nianze na aibu yenyewe, nisije nikaizunguka mpaka mkachoka. Hapa Kyuso kuna mama anauza chai karibu na soko, na kila nikienda kwake ananijazia kikombe, ananipa vizuri kwa heshima, halafu anasema "woi" kwa sauti ndogo, na wateja wote wanainamia mandazi yao wakijifanya hawajacheka. Mimi ni polisi. Nina sare iliyopigwa pasi na miaka tisa kazini, na bado nasemewa woi na siwezi kukana, kwa sababu walionishuhudia walikuwa wengi kuliko watu wanaokuja mazishini.

Lakini ili mnielewe lazima niwaambie vile nilivyo. Mimi sijui kungoja. Kanisani nasimama kabla ya amina, mtu akiniuliza swali namjibu akiwa katikati (na mara nyingi namjibu swali lingine kabisa), na mama yangu kule Mbooni husema nilizaliwa mkunga akiwa bado njiani. Sasa mtu kama huyo akisikia kuna nafasi mbili za kuhamia mji wa Wote, huko kwetu Makueni, na kwamba watakaopita mtihani wa bastola Ijumaa ndio wataandikwa, atafanya nini? Atafunga mizigo Jumanne. Binti yangu Mwende ana miaka saba na anakaa na huyo mama yangu, na kutoka Wote ningekuwa namwona kila Jumapili badala ya mara tatu kwa mwaka, kwa hivyo nilimpigia simu nikamwambia nakuja, mwisho wa mwezi, kabisa. Akapiga kelele nikasikia mpaka kuku wakikimbia. Jumatano nikampa jirani yangu Mama Kasyoka jiko langu na sufuria mbili, akaniombea safari njema, tukashikana mikono, nikalia kidogo.

Mtihani wenyewe bado.

Mahali petu pa kulengea ni shimo la zamani la mawe nje ya mji. Magunia ya ndengu yamejazwa mchanga yakapangwa ukutani, na karatasi zenye duara zikabandikwa juu yake. Chifu alikuwa ametangaza watu wafunge mbuzi, nao wakatii, wakafunga mbuzi, halafu wakaja wenyewe wakaketi kwenye kilima nyuma yetu kama watu waliokuja kwa mkutano wa injili. Sheria ilikuwa rahisi. Kila mmoja nafasi tatu, kila nafasi risasi kumi, na ukiingiza saba ndani ya duara umepita na unaondoka. Aliyesimamia alikuwa Sajini Musyoka, mzee wa Migwani aliyebakisha miezi michache astaafu, mtu asiyeharakisha hata kufungua peremende.

Nikaweka pamba masikioni, nikapiga kumi zangu haraka haraka, tukaenda kuangalia. Duara lilikuwa safi, hakuna hata moja. Zote kumi zilikuwa zimejazana chini upande wa kushoto, mahali pamoja, zimebanana kama watu kwenye mwavuli mmoja.

Sajini akaniuliza, "Hapa ni nini kimefanyika?"

Na hapo ndipo ningesema sijui, afande, nisaidie. Hayo tu. Lakini nilikuwa nimejibu kabla hajafunga mdomo: "Hii bastola imepinda, afande."

Na nikaeleza. Nilieleza vizuri sana mpaka nikajiamini. Nikasema angekuwa mtu ndiye mbaya, risasi zingetawanyika kila mahali, lakini zikienda zote mahali pamoja si ni wazi chuma ndicho kibovu? Wenzangu wawili waliokuwa wamekosa pia wakasogea, wakaanza kutingisha vichwa, wakasema hata zao wamekuwa wakizishuku tangu mwaka jana. Dakika kumi hivi tukawa na kikundi cha malalamiko na mimi ndiye mwenyekiti.

Sajini hakubishana. Alichukua bastola yangu, akasimama, akapumua, akapiga tano polepole. Zote zikakaa katikati, ungezifunika na kifuniko cha chupa. Kilima kikanong'ona. Mtu mwenye akili angenyamaza, lakini mimi nikasema, "Inakujua wewe, afande," na nikaomba nafasi yangu ya pili nipige na bastola ya Kilonzo, kijana tuliyekuwa naye zamu moja, ambaye alikuwa ameshapita na nane. Nilitaka waone tofauti.

Waliona. Kumi zikaenda chini kushoto, mahali pale pale, kwa bastola nyingine.

Kilonzo akaniangalia kwa huruma na mimi nikakataa kumwangalia. Nikasema labda na hii imeanza. (Nilisema hivyo, naapa, mbele ya watu wazima.) Miguu yangu ilikuwa haitulii, nilikuwa natembea mbele na nyuma nikipiga hesabu ya nafasi moja iliyobaki, na kichwani nasikia Mwende akipiga kelele kwenye simu.

Sajini akachukua bastola yangu tena, akageuka akanipa mgongo, akawa anaipakia risasi mwenyewe. Akarudi akaniambia hizi hazihesabiwi, nipige tu kama kawaida. Nikapiga ya kwanza. Nikapiga ya pili. Nikavuta ya tatu.

Haikulia. Kumbe alikuwa amechanganya risasi bandia katikati ya zile nzima, bila kuniambia iko ya ngapi. Bastola ilisema tik tu kama kalamu, lakini mimi nilikuwa nimeshafanya kazi yangu yote: mdomo wa bastola umeinama chini kushoto, mabega yamepanda hadi masikioni, macho yamefungwa, magoti yamekunjika, na katika ule ukimya wa shimo la mawe ambapo hata kikohozi kinarudi mara mbili, sauti yangu ikapaa peke yake:

"Woi!"

Ikagonga ukuta, ikarudi: woi.

Mimi mwenyewe nilishangaa nani analia. Nilikuwa na pamba masikioni na siku zote mlio umekuwa ukinifunika, kwa hivyo miaka tisa nimekuwa nikipiga risasi na kupiga nduru pamoja na sikujua. Kilima kizima kilianguka kwa kicheko. Kuna nyanya mmoja aliyejifunika uso na leso mabega yakitetemeka, na wale wenzangu wa kikundi cha malalamiko nao walikuwa wamekaa chini.

Sajini ndiye hakucheka. Akangoja mpaka kelele zikaisha, akanisogelea, akaniambia asisikike na wengine, "Bastola ni nzima, mama Mwende. Wewe unafika kabla ya risasi. Unaogopa kelele ambayo bado."

Halafu akanipa nafasi ya tatu. Nikasimama. Nikajaribu kupumua kama yeye. Kila risasi nilijiambia bado, bado, bado, na zilipoisha tukaenda kuhesabu pamoja, yeye na mimi, kwa kidole. Sita ndani ya duara.

Ilitakiwa saba. Na nafasi yangu ya pili, ambayo ningekuwa nimejifunza nayo, niliitumia kuthibitisha kwamba chuma kimepinda. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo, woi sio kitu. Kilonzo alienda Wote, na Kilonzo hana hata mtu Makueni.

Niliporudi nilikuta jiko langu mlangoni, na moto umeshawashwa. Mama Kasyoka alikuwa ameshasikia. Aliniambia tu kwamba wakati mwingine nimpe nikiwa ndani ya gari na gari limeng'oa nanga.

Nikapiga simu Mbooni kabla ya kula. Mwende akashika mwenyewe, akauliza kama nimefika Wote. Nikamwambia bado. Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Gari iliharibika?"

Nataka niwaambie ukweli, jibu lilikuwa tayari mdomoni. Ndiyo, mama, gari iliharibika. Angeamini, na angelichukia hilo gari badala yangu. Nikangoja. Sijawahi kungoja hivyo maishani, nilisikia mpaka moto wa jiko ukipasuka.

"Hapana," nikamwambia. "Gari ni nzima. Ni mimi nilikosa."

Nikamwacha afikirie mwenyewe. Kisha akauliza kama nitajaribu tena.

Sasa Sajini hunipa bastola tupu kila asubuhi kabla ya zamu, ananiwekea shilingi juu ya mtutu, nivute triga na isidondoke. Inadondoka, naiokota. Na nimeapa mambo mawili: sitawahi tena kusema bastola imepinda, na Mwende hatasikia "nakuja" kutoka kwangu mpaka niwe nimesimama kwa mlango wa nyanya yake nikibisha.