Ua Nilioung'arisha

Mama aliujua mlango wa nyuma kwa kiganja na jiko kwa harufu ya moshi. Kati ya hivyo viwili palikuwa na hatua ishirini na mbili za udongo mwekundu, na hizo ndizo zilizomtesa. Wakati wa kiangazi alizipita bila kumuuliza mtu. Mvua zilipoingia Maneromango, ua wetu uligeuka uji. Kila alama aliyoizoea kwa nyayo ilifutika, naye akabaki kizingitini na sufuria mkononi, akiisikiliza mvua kama mtu anayesubiri kivuko.

Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Hakulia juu ya hilo. Jambo moja tu hakulikubali, kuongozwa.

"Siku nitakayoshikwa mkono kwenda jikoni kwangu," alituambia, "mnichimbie na kaburi kabisa."

Baba alikuwa fundi saruji. Kwa miaka mingi alikuwa Dar es Salaam akijenga njia za magari kwenye nyumba za Wazungu kule upande wa bahari, tangu langoni mpaka barazani, na vibaraza vyao vya kunywea chai. Alirudi kijijini na mgongo uliopinda na vidole ambavyo saruji ilikuwa imevila ngozi. Nyumbani kwake mwenyewe hakuwa amewahi kumwaga hata karai moja la zege. Kwa hiyo nilipopata ukarani mjini, mifuko ya saruji ndiyo niliyotangulia kupakia kwenye lori. Nilikuja nayo mwishoni mwa kiangazi, nimeikalia njia nzima, nikijiona mwana aliyekamilika.

Tulifanya kazi kwa wiki mbili. Baba alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akisema, mimi nilichimba. Aliniamuru niondoe udongo wa juu wote. "Huu hunywa maji ukavimba, halafu hukauka ukanywea," alisema. "Ukiweka zege juu yake, umelilaza zege juu ya tumbo la mtu anayepumua." Tulijaza changarawe, nikaishindilia kwa gogo mpaka mikono ikafa ganzi. Mchanga tuliuchota mtoni, kwa sababu ule wa pwani una chumvi. Aliuchukua kidogo, akausugua sikioni na kusikiliza, kisha akanirudisha nikauoshe tena. Upande wa nje wa ua aliushusha kidogo kuliko upande wa nyumba, ili maji ya mvua yajue pa kwenda.

Siku ya kumwaga tulianza kabla ya jua kupanda, maana jua la saa sita hulinyang'anya zege maji yake. Saruji karai moja, mchanga mawili, kokoto manne. Jirani yetu mshonaji, Mwislamu aliyetaniana na Baba tangu ujana wao, alikuja kusaidia kukoroga, kanzu yake ameifunga kiunoni.

"Mzee, leo unaleta Ulaya uani," alisema. "Kuku wako wataanza kudai soksi."

"Koroga wewe. Ulimi hauchanganyi zege."

Zege lilikuwa limelazwa na kusawazishwa kwa ubao mtu alipofika na baiskeli kutoka Kurui. Binamu yake Baba amefariki, mazishi ni alasiri ile ile. Msiba hausubiri, na zege likishamwagwa nalo halisubiri. Baba alisimama kati ya mambo hayo mawili, kisha akanikabidhi ufagio wa chelewa.

"Likianza kushika, likikataa kidole kuzama, fagia. Kwa kukatisha, usifagie kwa urefu. Ufagio uache mikwaruzo. Halafu kila mahali nilipopigilia kigingi, kata mstari kwa mwiko, upana wa kidole, toka ukingo mpaka ukingo. Zege litapasuka tu. Wewe unalichagulia mahali. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Baba."

"Rudia."

Nilirudia. Akaondoka na mshonaji.

Nilikaa kwenye kinu chake nikilitazama lile zege. Wakati huo nilikuwa na vijana wenzangu mjini, tukikutana jioni nyumbani kwa mwalimu mmoja, kila mmoja na daftari lake, tukisomeana na kugombania neno moja hadi taa iishe mafuta. Nilikuwa nimejaa uzuri. Niliuona kila mahali na kila mahali niliudai. Ua ule ulilala mbele yangu, laini, wa kijivu, mpana kama ukurasa ambao haujaandikwa, na mimi nikaambiwa niukwaruze kwa ufagio wa kufagilia mavi ya kuku.

Nikakumbuka nyumba za watu wenye heshima zao mjini, sakafu zilizopigwa niru, ile saruji tupu inayokorogwa nyepesi na kusuguliwa kwa mwiko wa chuma mpaka ing'ae. Mfuko mmoja ulikuwa umebaki. Nikauegemeza ufagio ukutani. Nikang'oa vigingi. Nilipiga magoti na kusugua mpaka jasho langu likawa linadondokea kwenye kazi yangu, na sikuwahi kuwa na furaha ya mikono kama ile.

Baba alirudi jua likizama. Alisimama ukingoni, kofia mkononi, kama bado yuko makaburini.

"Umetengeneza sakafu ya chumbani," alisema.

"Inapendeza, Baba."

"Inapendeza."

Asubuhi aliingia stoo, akatoka na patasi na nyundo. Lakini mshonaji alikuwa ameshatangaza, na majirani walikuwa wameshajaa. Walisimama wamevua makubazi bila kuambiwa.

"Hodi! Nivue na kofia?" mshonaji alipiga kelele. "Jamani, naziona ndevu zangu humu! Kijana, umetutengenezea kioo!"

Mama alikuja mpaka kizingitini. "Kunang'aa vipi?"

"Kama maji ya kisima kabla hayajachotwa, mama," mwanamke mmoja alimjibu.

Mama alicheka. Hakuwa amecheka hivyo siku nyingi. Baba alimsogelea akamwambia kwa sauti ya chini kwamba anataka kuuchimbua ua kabla haujakomaa.

"Mume wangu, usimwaibishe mtoto mbele za watu," alisema. "Maisha yangu yote nimefagia vumbi. Leo nina kioo. Kuna ubaya gani, hata kama macho yangu hayakioni?"

Baba alirudisha patasi stoo.

Siku saba niliunywesha ule ua kama mgonjwa. Niliufunika kwa magunia na majani ya mgomba, nikabeba maji asubuhi na jioni. Magunia yalipoondolewa, Mama aliupita na kurudi, ukiwa mkavu, kwa nyayo zake. Hatua tatu za kwanza aliziendea kwa shaka, zilizobaki kwa haraka kama msichana. Nilirudi mjini nimeshiba. Nikaandika juu ya ua uliozishika mbingu na mama asiyeziona akitembea juu yake. Niliwasomea wenzangu. Mwalimu alivua miwani, akaifuta. Walinipigia makofi, na nje, mvua za vuli zilikuwa zimeanza.

Siku mbili baadaye dereva wa lori la mihogo alinikuta kazini.

"Mama yako ameanguka uani," alisema. "Mzee anasema uje na patasi nzuri. Yake imekuwa butu."

Nilimkuta Mama amelazwa ubavu, nyonga imevunjika. Alinigusa uso wote, kama alivyozoea, akakuta machozi.

"Si wewe, mwanangu. Ni mvua."

Haikuwa mvua. Niru ikilowa ni utelezi mtupu, na mimi nililijua hilo kama anavyolijua yeyote aliyewahi kuoga kwenye bafu la saruji. Nilikuwa nimelijua siku ile ile, nikiwa nimepiga magoti, na nikaendelea kusugua.

Baba alikuwa uani, anagonga. Alikuwa ameshachimba mstari mmoja, umepinda kwa sababu ya vidole vyake. Nilipiga magoti kando yake.

"Kule mjini," alisema bila kuniangalia, "unadhani wale Wazungu hawakuwa na saruji ya kung'arishia? Kila njia niliyowajengea niliifagia. Mguu wa mtu unataka mahali pa kushika." Akapuliza vumbi kwenye mstari. "Na mistari hii ilikuwa ya zege, lakini ilikuwa ya mama yako pia. Ahesabu kwa nyayo. Wa nne, ageuke kushoto, yuko jikoni. Hata pakiwa na mafuriko."

"Mbona hukuniambia, Baba?"

"Nilikuambia ukate mistari."

Nilichukua nyundo mkononi mwake. Saruji niliyoinywesha siku saba ilikuwa imekuwa jiwe, na kila kipande kilichobanduka kilinirukia usoni. Nilikata mistari, kisha nikaupondaponda ule ung'avu wote, shubiri kwa shubiri, mpaka ua ukawa na sura ya ndui. Mama alisikiliza kutoka ndani. Jirani mshonaji alipita siku ya pili, akaenda kuniletea maji ya kunywa.

Mfupa uliunga vibaya. Mama hakusimama tena.

Lile daftari nililichoma mwenyewe, ingawa wenzangu bado wananiuliza habari zake. Kuna jambo moja tu la ua ule ambalo nimeona nina haki ya kuliandika. Kabla sijarudi kazini, asubuhi moja yenye manyunyu, tulimwona Mama amejiburuta mpaka mlango wa nyuma, akashuka kizingitini, akakaa kwenye saruji. Niliinuka nimbebe. Baba alinishika mkono.

Mama alijisogeza kwa makalio, mguu mmoja ukimfuata kama kitu cha kuazima. Kiganja kilitangulia, kikipapasa. Kikakuta mstari.

"Mmoja," alisema.

Khanga yake ilikuwa imelowa yote. Kwenye wa pili alipumzika kidogo. Wa tatu ndio ule wa Baba uliopinda. Aliupitishia kidole chote, toka mwanzo mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akaendelea. Kwenye wa nne aligeuka kushoto.